Sanaa na Ufundi: Uchambuzi wa Neno na Mtaala

Marekebisho ya ufundishaji wa sanaa katika shule za Kenya yamebadilisha mahali pa somo katika ratiba mara kadhaa. Namna ya kulipima haikuguswa sana, na hapo ndipo penye kasoro.

Kisa hiki chaanzia Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha mwaka 1937. Alikataa wanafunzi wake waige michoro ya Ulaya, na kwa hilo anastahili sifa. Lakini mizani ya kuamua kipi ni chema ilibaki kwa mwalimu mgeni. Elimo Njau, mwanafunzi wake, aliasisi Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Twaona kwamba mizani mingine ilibidi iundwe nje ya darasa.

Mfumo wa 8-4-4, uliotokana na pendekezo la Tume ya Mackay ya 1981 na kuanza mwaka 1985, uliliingiza somo katika mtihani wa darasa la nane. Hapo lilipata heshima na maradhi kwa pamoja. Mtoto aliyefinyanga chungu au kusuka kikapu alitahiniwa kwa kuchagua herufi miongoni mwa nne. (Mtu aweza kumjua msusi kwa herufi?) Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani yalipopunguzwa kuwa matano, sanaa ilibaki katika ratiba, na vipindi vyake vikamezwa na hesabu. Mtihani wenyewe ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa umilisi umeirejesha sanaa, ingawa sasa imeunganishwa na muziki na michezo.

Sisi wa lugha tunalo la kuongeza. Sanaa, neno lenye asili ya Kiarabu, huhusu utengenezaji kwa ustadi; nalo fundi ni ndugu wa kufunda na mwanafunzi. Kiswahili hakikujenga ukuta baina ya mchoraji na mchonga milango wa Lamu. Ile "na" katika jina la somo ni tafsiri ya Kiingereza, nayo ilileta ukuta huo pamoja na daraja zake: sanaa juu, ufundi chini.

Twapendekeza basi fundi aketi pamoja na mwalimu wakati kazi ya mtoto inapopimwa. Kikwazo ni kwamba asiyesajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu haruhusiwi kufundisha, na usajili huo hutaka vyeti ambavyo wachongaji wengi hawana.