Kikombe cha Kahawa na Mizani ya Kadhi

Katika darsa na khutba zetu hukaririwa kisa cha bibi wa Kimarekani aliyejimwagia kahawa, akaishitaki kampuni, akaondoka na mamilioni ya dola. Msemaji hukileta ili kuonyesha upuuzi wa mahakama za wenzetu, na wasikilizaji hucheka. Sisi tunaona kisa hiki kina ila mbili: kimesimuliwa nusu, na kimehukumiwa bila ya fiqhi. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuzipeleleza habari, na Aya ya 8 ya Suratul Maida inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Hakuna aliyesema kuwa amri hizo huondoka habari ikiwa ya kuchekesha.

Tuanze na yaliyotokea. Mwezi Februari 1992, katika mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, bibi wa miaka 79 alinunua kahawa kwa McDonald's. Gari alimokuwa ameketi kama abiria lilikuwa limesimama. Alipofungua kifuniko, kikombe kikammwagikia mapajani. Aliungua vibaya, akalazwa siku 8 na kupandikizwa ngozi. Aliomba kiasi cha dola 20,000. Kampuni ikampa ahadi ya dola 800. Ndipo kesi ikaenda mahakamani, na huko ikadhihirika kwamba kampuni ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu waliounguzwa na kahawa yake katika muda wa miaka 10.

Kesi ya madai kama hii husikilizwa na juri, yaani raia wa kawaida wanaochaguliwa kusikiliza ushahidi na kuamua ukweli wa mambo, huku jaji akisimamia sheria. Wasifananishwe na wazee wa baraza wa Tanzania, ambao maoni yao hayamfungi jaji. Mwezi Agosti 1994 juri ilikadiria madhara kuwa dola 200,000, ikasema bibi mwenyewe ana kosa la asilimia 20, zikabaki 160,000. Kisha ikaongeza dola milioni 2.7 za kuiadhibu kampuni. Hapa ndipo wasimulizi wetu huishia. Lakini uamuzi wa juri si mwisho wa kesi. Jaji aliipunguza adhabu hiyo hadi dola 480,000, jumla ikawa 640,000. Pande zote mbili zikakata rufaa, na kabla rufaa haijaamuliwa wakasuluhishana kwa kiasi kisichotangazwa. Hayo mamilioni bibi hakuhukumiwa mwishoni.

Sasa tuje kwenye fiqhi. Mwanafunzi atasema: bibi ndiye aliyemwaga, na kaida ni kwamba wakikutana mtendaji na msababishi, hukumu humwelekea mtendaji. Kaida ni sahihi, lakini ina mipaka yake. Katika Minhaj ya Imam Nawawi imo mas-ala ya mtu anayemkaribisha mwenziwe, baligh mwenye akili, chakula chenye sumu asichokijua, naye akafa. Kauli yenye nguvu ni kwamba diya inawajibika, ijapokuwa mkono uliopeleka tonge mdomoni ni wa marehemu. Aliyejua hatari akamficha mwenziwe hatoki hivi hivi. Kahawa si sumu, na kila mtu anajua kuwa ni ya moto. Lakini si kila mtu anajua kuwa itamla nyama. Kwa hiyo kugawa kosa si jambo geni kwetu. Wapanda farasi wawili wakigongana wakafa, kwa Mashafii kila upande hudaiwa nusu ya diya, kwani nusu nyingine imeanguka kwa kitendo cha marehemu mwenyewe.

Hatusemi kwamba utaratibu ule hauna la kukosolewa. Kwanza, fidia ni haki ya aliyedhurika. Lakini adhabu ni taazir, na taazir ni ya mtawala kwa maslaha ya umma. Maulamaa wamekhitalifiana hata juu ya kumtoza mtu mali kama taazir: jamhuri wameikataa, Ibn Taymiyya akaijuzisha. Kuitoa adhabu mfukoni mwa mkosaji na kuitia mfukoni mwa mdai ni jambo ambalo hatulioni msingi wake. Pili, kwa kawaida juri hutaja uamuzi bila ya kueleza sababu, na wanaokadiria mali za watu hawaulizwi elimu ya jambo hilo. Hizi ndizo hoja za kielimu. Kicheko si hoja.

Lililo muhimu zaidi ni rufaa. Mahakama ya rufaa kule haiwaiti mashahidi upya. Hutazama iwapo sheria ilikosewa. Mafakihi wetu nao walisema kwamba ijtihadi haivunjwi kwa ijtihadi mfano wake, bali huvunjwa hukumu iliyokhalifu nassi au ijmai. Na katika barua mashuhuri inayonasibishwa na Sayyidna Umar (R.A) kwa Abu Musa al-Ash'ari, kadhi anausiwa kwamba hukumu ya jana isimzuie kurejea kwenye haki.

Tunalisema hili kwa sababu wapo kina mama waliokosa haki zao za mirathi au talaka mbele ya kadhi, wakaambiwa kuwa kukata rufaa ni kuipinga Sharia. Huko ni kumpa kadhi isma asiyopewa. Mtume (S.A.W) mwenyewe, katika hadithi ya Ummu Salama iliyomo katika Bukhari na Muslim, alitahadharisha kwamba mwenye ulimi mwepesi huweza kupewa haki ya nduguye, na akapewa kipande cha moto. Nchini Kenya rufaa ya mahakama ya kadhi huenda Mahakama Kuu, na sheria inataka Kadhi Mkuu au makadhi wawili waketi humo kama washauri. Mlango upo. Khatibu anayewachekesha watu kwa kesi ya kahawa angewafaa zaidi lau angewaonyesha mlango huo.

Wallahu a'lam.