Wachaji simu wa Kalemie

Umeme wa mji wa Kalemie, mashariki mwa Kongo, husafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka Bendera, kwenye mto Kiyimbi, ambako kituo cha umeme kilijengwa enzi za Wabelgiji, Kalemie ikiitwa bado Albertville. Hitilafu ikitokea njiani, mitaa huingia gizani.

Hapo wachaji simu wanastahili pongezi.

Kibandani, paneli ya jua imekaa juu ya bati, betri ya gari chini ya meza, na kila simu imebandikwa kipande cha karatasi chenye namba. Mwenye simu huondoka na namba ileile. Wavuvi wa ndagala nao wanahitaji betri za taa, maana samaki hao hufuata mwanga usiku. Kuchaji simu ni kazi ya uaminifu mkubwa: mtu huacha simu yenye akiba yake yote, na jioni huikuta imejaa.