Gari la spoti la Kitaliano na machekeche manne ya Nairobi

Taarifa ya Ferrari au Lamborghini mpya ikitoka Italia asubuhi, kufikia saa sita mchana vijana wa Majengo, Nairobi, washaijua yote: nguvu ya injini, kasi ya mwisho, bei. Ubishi unaofuata vijiweni, kutoka Digo Road hadi gereji za Gikomba, huwa juu ya kasi. Makala haya yanachambua jambo jingine: gari la spoti la Kitaliano, tena lililotumika, hufikaje Nairobi kihalali, na kwa nini yanayofika ni machache mno. Wengi hudhani kizuizi ni bei. Bei huja mwishoni. Kabla yake gari hupitishwa kwenye machekeche, na kila chekeche huacha nje kundi zima la magari hata kama mnunuzi ana fedha taslimu.

Chekeche la kwanza: usukani

Kenya tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo gari la kawaida sharti liwe na usukani kulia. Usukani wa kushoto huruhusiwa kwa magari ya kazi maalumu tu, kama ya wagonjwa au ya zimamoto. Hivyo Italia, nchi inayoyaunda magari haya, ndiyo soko ambalo mnunuzi wa Nairobi hana haja nalo. Gari lililotumika Milano au Torino lina usukani upande usiotufaa. Inabidi atafute Uingereza, Japani au Afrika Kusini, ambako viwanda vya Italia vilipeleka magari ya usukani wa kulia.

Hapa ndipo sehemu kubwa ya habari za magari ya kifahari inapobaki kuwa burudani tu kwetu. Ferrari F40, F50, Enzo na LaFerrari, yale yanayovunja rekodi za minada, yote yalitoka kiwandani yakiwa na usukani wa kushoto. Tajiri wa Muthaiga na kijana wa Majengo wako sawa mbele ya magari hayo: hakuna kati yao anayeweza kuliagiza moja, alisajili kama gari la kawaida na kulitia namba pleti ya Kenya.

Chekeche la pili: umri

Kiwango cha KS 1515:2000 cha Shirika la Viwango, KEBS, kinakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025, maana yake ni gari lililosajiliwa kuanzia 2018.

Sheria hii inakata hasa pale ambapo Mzungu hupata nafuu. Ulaya, mtu wa kipato cha kati anayetaka Ferrari yake ya kwanza huangalia 360 Modena, iliyoanza kuundwa 1999, au F430 ya 2004. Anayetaka Lamborghini huangalia Gallardo, iliyoundwa kuanzia 2003 hadi 2013. Yote hayo yameshapita kikomo chetu cha umri. Yanayobaki ni ya juzijuzi: Ferrari 488 na Portofino, Lamborghini Huracán, Alfa Romeo 4C, Alfa Romeo Giulia Quadrifoglio, Maserati Ghibli, na vidogo vya Abarth.

Kuna mtego humo ndani. Gari lililo ukingoni mwa miaka minane huuzwa kwa bei laini, na broka atakusifia kwamba umeokota dodo. Lakini sharti lifike bandari ya Mombasa kabla ya mwaka kuisha. Meli ikichelewa, faida yote imekwenda na maji.

Chekeche la tatu: kodi

Asilimia ya kodi haitazami jina la gari. Inatazama ukubwa wa injini, yaani CC. Kwa viwango vya 2025, gari lililotumika hutozwa ushuru wa forodha asilimia 35. Juu ya jumla ya thamani na ushuru huo huja ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini za petroli ni asilimia 20 kama haizidi CC 1,500, asilimia 25 ikiwa kati ya hapo na CC 3,000, na asilimia 35 ikizidi 3,000. Kisha huja VAT ya asilimia 16 juu ya jumla yote hiyo. Mwisho kuna ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na ya maendeleo ya reli, asilimia 2, ambazo huhesabiwa kwa thamani ya gari pekee.

Tuchukue thamani ya forodha ya shilingi milioni 5 tuipitishe ngazi kwa ngazi. Injini isiyozidi CC 1,500 italipiwa takriban milioni 4.62. Ya kati, milioni 5.01. Inayozidi CC 3,000, milioni 5.80. Kwa maneno mengine, gari la ngazi ya kati unalinunua mara mbili, na la ngazi ya juu unalinunua mara mbili na ziada, kwa sababu ushuru wa bidhaa na VAT hupanda mgongoni mwa kodi zilizotangulia.

Thamani hiyo yenyewe haitoki kwenye risiti yako. Mamlaka ya Mapato, KRA, ina orodha yake ya bei za magari mapya, na hupunguza bei hizo kulingana na umri wa gari. Ukimbembeleza muuzaji wa London akakupunguzia pauni elfu tano, umeokoa pauni elfu tano. Kodi haishuki kwa sababu hiyo.

Sasa tazama CC za magari yetu. Huracán ina 5,204. Ferrari 488 ina 3,902 na Portofino 3,855. Yote yako ngazi ya juu. Lakini Giulia Quadrifoglio, yenye V6 ya turbo mbili na nguvu ya farasi 510, ina CC 2,891. Maserati Ghibli ya V6 ina 2,979. Alfa 4C ina 1,742, na Abarth 595 ina 1,368. Anayesoma habari za magari kwa kutazama farasi peke yake hawezi kuliona hili: gari la farasi 510 linalipiwa ushuru wa bidhaa kwa asilimia ileile na gari la familia la CC 2,000.

Chekeche la nne: fundi

Machekeche matatu ya kwanza yako kwenye karatasi. La nne liko kwenye gereji, na ndilo linaloua magari mengi yaliyopita hayo mengine.

Alfa 4C inavutia kwa kodi yake, ila gia boksi yake hutumia klachi mbili kavu, zisizooga oili. Klachi ya namna hiyo hupozwa na hewa tu. Kusukumana mita kwa mita Jogoo Road saa kumi na mbili jioni huipasha moto bila kuipa nafasi ya kupoa. Tena kiunzi cha gari hilo ni cha nyuzi za kaboni. Mafundi wa Gikomba na Shauri Moyo hawana mpinzani kwenye bati: wanakunja, wanagonga, wanachomelea, na bampa inatoka kama mpya. Kaboni haigongwi wala haichomelewi. Ikipasuka, inataka utaalamu mwingine na vipuri vya kuagiza.

Giulia Quadrifoglio nayo ina kaboni kwenye boneti na paa, kwa hiyo mnunuzi azikague sehemu hizo kwa makini. Lakini gia boksi yake ni otomatiki ya gia nane ya kampuni ya ZF, ya ukoo uleule unaopatikana kwenye BMW, Jaguar na Land Rover nyingi zinazozunguka Nairobi. Fundi wa Nairobi ameshaifungua, na maduka ya Kirinyaga Road, ambapo wazee bado hupaita Grogan, yanajua oili na filta zake. Ghibli hutumia gia boksi ya ukoo huohuo.

Ushahidi wa Safari Rally

Anayedhani uchambuzi huu ni wa kukatisha tamaa, na aikumbuke historia ya Waitaliano kwenye barabara zetu. Mwaka 1975 Lancia walileta Safari Rally gari la Stratos: viti viwili, injini ya V6 ya Ferrari Dino nyuma ya dereva. Lilikuwa gari la spoti hasa. Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu. Aliyewashinda, Ove Andersson, aliendesha Peugeot 504, saluni ya familia, ndugu wa zile zilizobeba abiria kila pembe ya nchi.

Lancia hawakuishinda Safari mpaka 1988, walipokuja na Delta Integrale: kigari cha familia cha milango mitano, injini ya turbo ya CC 1,995, magurudumu yote manne yakivuta. Miki Biasion alishinda mwaka huo na 1989, na Juha Kankkunen akaongeza ushindi wa tatu 1991. Gari hilohilo leo lisingepita chekeche la kwanza wala la pili, maana Integrale za barabarani zilitoka kiwandani na usukani kushoto, na za mwisho ziliundwa miaka ya 1990. Ila somo lake halijazeeka: Waitaliano waliishinda Kenya pale walipotia injini kali ndani ya umbo la kawaida.

Hukumu

Kwa anayeota Ferrari, ndoto haina kodi; endelea kuota na kusoma. Kwa anayetaka kununua, machekeche yote manne yakishapitwa, gari linalosimama mbele ya mengine ni Giulia Quadrifoglio iliyotoka Uingereza au Japani: saluni ya milango minne, chini ya CC 3,000, na gia boksi inayojulikana mjini. Kabla hujatuma hata shilingi moja, dai picha ya usukani, cheti chenye tarehe ya usajili wa kwanza, CC zilizoandikwa kwenye hati, na rekodi ya matengenezo. Muuzaji akikosa kimoja kati ya hivyo vinne, mwache na gari lake.