Potasiamu Inakwenda Wapi Mbuga Ikikauka?

Mfuko wa kilo 50 wa NPK 10-18-24, mbolea wanayoijua wakulima wa tumbaku, una takriban kilo 10 za potasiamu halisi. Ni kiasi gani kitaufikia mzizi? Hapa Masumbwe, mkoani Geita, jibu hubadilika ukishuka mteremko mmoja tu. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani alieleza jinsi udongo unavyofuatana kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, lakini Wasukuma walikuwa na majina yao tayari: luseni, udongo wa kichanga, juu; mbuga, udongo mzito wa mfinyanzi, chini.

Mfinyanzi wa kwenye luseni, ambao ni mchache, aghalabu ni wa aina ya kaolini. Kilo moja ya kaolini hushika sentimoli 3 hadi 15 za chaji, tena juujuu, kwa hiyo mvua kubwa huiondoa potasiamu upesi. Smektaiti, aina ya mfinyanzi wa mbugani, hushika 80 hadi 120. Tabaka zake hufunguka zikilowa na kubana zikikauka, na potasiamu iliyomo katikati inaweza kunaswa, hasa pale tabaka zenyewe zinapokuwa na chaji kubwa.

Maabara hupimaje unasaji huu? Udongo hutikiswa siku nzima ndani ya maji yenye viwango tofauti vya kloridi ya potasiamu, kisha maji husomwa kwa fotomita ya mwali. Kilichopungua kwenye maji kimeshikwa na udongo. Baadaye udongo huoshwa kwa asetati ya amoniamu: kinachotoka ndicho huhesabiwa kuwa mzizi ungekipata, kisichotoka kimenaswa.

Kasoro kubwa naiona hapa: udongo haukauki hata mara moja. Mbuga halisi hupasuka Agosti nyufa za kupitisha mkono, na ukaukaji huo ndio unaofunga tabaka. Isitoshe, ioni ya amoniamu inakaribiana kwa ukubwa na ya potasiamu, hivyo yenyewe yaweza kuziba njia.

Kwa hiyo sampuli za mbuga zitiwe potasiamu, zikaushwe taratibu kwenye joto la nyuzi 40, zilowanishwe, zirudiwe mara kadhaa, ndipo zioshwe. Tofauti kati yake na sampuli zilizobaki mbichi ndiyo namba ya kumpa bwana shamba. Ikiwa kubwa, mbolea ya mbugani iwekwe karibu na mbegu wakati wa kupanda, isimwagwe shamba zima kabla ya mvua. Kwenye luseni, ambako mvua huiondoa upesi, igawanywe mara mbili.