Pedi Nene, Pini Iliyokwama

Magari yanayofanya kazi kati ya Baraka, Fizi na Kazimia hukaguliwa breki za nyuma kwa haraka mno. Gurudumu linatolewa, fundi anachungulia pedi, au plaketi kwa lugha ya gereji za huko, anaona bado ni nene, gurudumu linarudishwa. Kwangu mimi, huo si ukaguzi. Kwenye barabara za udongo, vitu vya kufa kwanza mara nyingi ni vile vinavyoishika pedi: pini za kalipa, mipira yake ya kuzuia vumbi, na vibati vya chuma ambamo masikio ya pedi huteleza.

Tuchukue Land Cruiser ya 80, gari la miaka ya 1990 ambalo bado linabeba watu na mizigo mashariki mwa Kongo. Kalipa yake ya mbele ina pistoni nne na imefungwa imara. Ya nyuma ina pistoni moja, upande wa ndani, kwa hiyo ni lazima iteleze: pistoni husukuma pedi ya ndani hadi kwenye diski, kisha kalipa yenyewe hurudi kinyume na kuivuta ya nje. Pini ikikwama, nusu hiyo ya pili haifanyiki. Pedi ya nje, iliyo rahisi kuonekana, inabaki nene. Ile ya ndani inalika hadi bati.

Basi pedi zote mbili zitolewe na kuwekwa sambamba. Iliyolika mshazari, nene juu na nyembamba chini, huelekeza kwenye pini moja iliyoganda au sikio lililobanwa na kutu chini ya kibati. Toyota huruhusu unene wa milimita 1, lakini anayekwenda Kazimia, mbali na maduka ya vipuri, namshauri abadilishe zikifika 3.

Pini ichomolewe kwa mkono. Inayohitaji nyundo imeshajibu swali. Futa grisi ya zamani, tafuta mikwaruzo na mashimo ya kutu, kisha kunja ule mpira taratibu, kwa kuwa ufa mdogo hujificha kwenye mikunjo. Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari, hivyo kutu haiendi kwa kasi ya Mombasa. Adui mkubwa hapa ni mchanga na tope: mpira ukipasuka, grisi inageuka kuwa msasa. Na tafadhali, isipakwe grisi ya bearing. Mafuta ya petroli huvimbisha mipira ya breki, na pini iliyosafishwa leo itakwama tena. Inatakiwa grisi maalumu ya breki, ya silikoni.

Diski haina mengi. Unene wa chini kabisa umeandikwa juu yake. Pima sehemu kadhaa, si ukingoni palipo na kutu.

Lakini usiifunge bado. Ndani ya diski ya nyuma ya gari hili mna dramu ndogo yenye viatu vya breki ya mkono. Tope linaloingia wakati wa kuvuka mito hutulia humo, na kwa kuwa madereva wengi huegesha kwa kuweka jiwe chini ya tairi, waya wake hukaa muda mrefu bila kuvutwa na hatimaye huganda. Wachache sana hufungua hapo, nami naona ni kosa kubwa, kwa sababu breki ya mkono ndiyo msaada unaobaki mafuta ya breki yakivuja yote.

Baada ya kufunga, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea. Zungusha kila gurudumu kwa mkono. Kipimo kamili kitatoka mlimani: teremka kutoka Fizi hadi Baraka, simama, upitishe kiganja karibu na rimu za nyuma bila kuzigusa. Ikiwa moja ina joto kali kuliko mwenzake, fungua tena upande huo.