Kanisa Likilaza Watu: Namna ya Kulipima

Ingia mvua ikinyesha. Anayekuonyesha jengo juani anakuonyesha nusu yake tu, na hapa Pinga, mashariki mwa Kongo, pale Masisi na Walikale zinapogusana, hutaingojea mvua siku nyingi. Simama katikati ya kanisa, nyamaza, sikiliza. Kishindo cha mabati usikihesabu, hicho ni cha kila nyumba. Tafuta tone moja linaloanguka peke yake, pahali pamoja, bila haraka. Ukilipata, tazama juu yake kwenye mbao: kama pana doa moja jeusi, bati limetoboka juzi. Kama kuna miduara ya madoa, mmoja ndani ya mwingine, paa hilo limevuja miaka na hakuna aliyepanda.

Uholanzi na Uingereza kanisa lililokosa waumini hugawanywa vyumba likauzwa kama fleti, na mnunuzi hulipia dirisha la upinde zaidi kuliko anavyolipia jiko. Kwetu waumini hawajapungua na hakuna anayeuza. Lakini makanisa yanalaza watu. Vita vikishuka kijijini, mlango wa kwanza kubishwa ni wa kanisa, wa pili ni wa shule. Pinga imeyajua yote mawili: imepokea waliokimbia, na mnamo 2012 na 2013 wakazi wake wenyewe walikimbia. Kwa hiyo mtu wa huku ana haki ya kusema juu ya ufundi wa kugeuza kanisa kuwa makazi. Ameupima kwa mgongo, juu ya sakafu.

Wageni huanza kupima kanisa mnarani. Wewe anza miguuni mwa ukuta. Maji yanayodondoka kutoka paani hupiga ardhi, yakaruka na matope, yakala ukuta kwa chini. Msingi wa mawe unaopanda hadi karibu na goti, na upenu unaotoka futi mbili, vinatosha kuokoa kanisa la matofali kwa miaka mingi zaidi kuliko saruji yoyote utakayopaka baadaye. Ukikuta ukuta umepakwa saruji mpya chini tu, kama mtu aliyevaa soksi, jihadhari. Mara nyingi unyevu umefungiwa ndani na tofali linaoza taratibu nyuma ya soksi hiyo.

Tofali lenyewe lipime kwa sikio. Chukua mawili, yagonganishe. Lililochomwa vizuri linalia kama sahani ya chuma, lililochomwa nusu linajibu kama kibuyu chenye maji. Ukipata lililovunjika, tazama moyo wake. Ukiwa mweusi, moto wa tanuri haukufika au ulizimwa mapema, pengine kuni zilikuwa ghali mwaka huo. Na kanisa la mbao je? Chomeka ncha ya kisu pale nguzo inapoingia udongoni. Mvule hukirudisha kisu, nguzo iliyoliwa na mchwa hukimeza.

Juu ndipo penye siri kubwa, na ndipo wanaogeuza makanisa huharibu zaidi. Kanisa ni chumba kipana kisicho na ukuta wa katikati, na paa lake siku zote linasukuma kuta zifunguke kwa nje. Kinachozizuia ni boriti ya chini ya kenchi (kenchi nzima mafundi wa Goma huiita sharpanti), ile inayovuka kutoka ukuta huu hadi ule na ambayo asiyejua huona kazi yake ni kutundikiwa mapambo ya Noeli. Anayetaka kuongeza ghorofa hugonga kichwa pale na kusema: tuikate. Akiikata, hakuna kitakachotokea siku hiyo. Msimu wa mvua ukipita mmoja, miwili, kuta zinaanza kuachana, na ufa unaonekana pembeni mwa dirisha kabla hujauona pengine popote. Kwa hiyo beba timazi. Iteremshe kutoka juu ya ukuta mrefu. Kidole kimoja cha tofauti nakusamehe, kiganja sikusamehe.

Si kila kasoro ni ugonjwa, lakini. Katika kanisa kuu la Kianglikana la Unguja, ambalo Askofu Edward Steere alianza kulijenga 1873 pale palipokuwa soko la watumwa, ziko nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini, na mafundi hawakuwahi kuona nguzo za namna ile. Zimebaki hivyo hadi leo, na mimi naona zimelipendezesha kanisa. Paa lake la kuba, lililotengenezwa kwa saruji na matumbawe bila boriti hata moja ya kuvuka, ndilo watu wa wakati ule walilolihofia. Nguzo iliyopinduliwa ilikosea umbo tu, mzigo bado inaubeba. Boriti iliyokatwa imeutupa mzigo wake.

Sasa tazama kilichoongezwa. Jiulize jambo moja: kikiondolewa kesho, kanisa litabaki na jeraha gani? Maastricht, Uholanzi, kanisa la Wadominiko la karne ya 13 liligeuzwa duka la vitabu mwaka 2006, na rafu zake ni jengo la chuma lililosimama kwa miguu yake ndani ya kanisa. Utrecht, kanisa la Mtakatifu Yakobo limekuwa nyumba ya kuishi, na vyumba vya juu vimewekwa kama sanduku jeupe ndani ya kanisa la zamani. Kazi mbaya utaijua dirishani: sakafu ya ghorofa imelikata dirisha refu katikati, wa chini wamepata miguu ya mtakatifu na wa juu kichwa chake.

Kwa kipimo hicho hicho, turubai iliyotundikwa kwenye kamba kutoka nguzo hadi nguzo, katika kanisa linalolaza familia zilizokimbia, ni kazi safi. Inagawa chumba usiku, asubuhi inakunjwa, ibada inaendelea. Wasanifu wa Ulaya hulipwa fedha nyingi kufikia hapo. Nasema hivyo nikijua kwamba turubai haizuii kikohozi cha jirani, na kwamba choo kilichochimbwa kwa watu wa saa mbili za Jumapili hakiwezi kuwatosha watu wa kila siku. Ukija kupima kanisa la namna hiyo, anza na choo, na umbali wake kutoka mahali pa kuchota maji. Halafu uulize akina mama wanapika wapi. Wakikujibu nje, chini ya upenu, utafahamu kwa nini nilisisitiza zile futi mbili.

Mwisho pitisha kiganja ukutani, kimo cha mtu aliyeketi. Kamba haiachi tundu, msumari huacha. Migongo ya watu huacha alama ya mafuta, nyororo, inayong'aa kidogo, na chokaa mpya haishiki vizuri juu yake. Fundi akikwambia ataiondoa, mwulize ataikwangua kwa kifaa gani na hadi ndani kiasi gani.