Kusoma Mgongo Kichwani: Fani ya Mkato Mmoja wa Ultrasaundi

Picha ya ultrasaundi ya mimba ya wiki 20 kwa kawaida husifiwa kwa kufanana na mtoto. Wazazi huutafuta uso, vidole, kisigino. Wakishaviona, picha huhesabiwa kuwa imetimiza kazi yake. Lakini picha zenye uzito mkubwa zaidi katika uchunguzi huo hazifanani na mtoto hata kidogo. Ni mikato: vipande vyembamba vya mwili vilivyopitishwa mahali palipochaguliwa, kwa pembe iliyochaguliwa, kisha vikasimamishwa kwenye kioo pale mpimaji aliporidhika navyo. Zinastahili usomaji uleule tunaoupa utungo wa arudhi: kanuni ipi imefuatwa, imevunjwa wapi, na uvunjaji huo umezaa maana gani. Nitaishughulikia hapa picha moja tu, mkato wa kichwa cha kijusi chenye mgongo wazi, kwa kuwa ndani yake fani nzima ya utambuzi huu imejikusanya.

Alfabeti ya picha hii ni mwangwi. Proba inayoteleza juu ya jeli hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, kisha hupokea yanayorudi. Maji hayarudishi kitu, kwa hiyo huandikwa kwa weusi; mfupa hurudisha sehemu kubwa ya sauti, kwa hiyo huandikwa kwa weupe na kuacha kivuli nyuma yake; nyama laini hukaa katikati, katika ngazi za kijivu. Umbali nao hupatikana kutokana na muda. Mashine huchukulia kwamba sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde katika kila kilichomo tumboni, yawe mafuta, misuli au ubongo, na kwa dhana hiyo moja huugeuza muda kuwa kina. Kabla picha haijawa ushahidi, basi, ni mapatano. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipochapisha kazi yao katika jarida la Lancet mwaka 1958, mapatano hayo yalikuwa na nuru na giza tu, visivyo na daraja baina yake. Ngazi za kijivu zilienea katika miaka ya 1970, nazo ndizo zilizoiwezesha picha kueleza habari za ubongo, kiungo ambacho sehemu zake zimepishana kidogo mno.

Kwa alfabeti hiyo hujengwa kile nitakachokiita mkato sanifu. Kichwa kinaweza kukatwa kwa pembe zisizo na idadi, na nyingi kati yake hazina la kusema; mapokeo ya taaluma yamechagua chache. Kwa mkato tunaousoma, mpimaji huanza na ule unaougawa mviringo wa fuvu katika nusu mbili zinazolingana, kisha huinamisha proba kidogo kuelekea kisogoni mpaka mambo matatu yakae katika fremu moja: kiuwazi cha mbele kiitwacho kavamu, thalamasi mbili katikati, na nyuma serebela, yaani ule ubongo mdogo wa kisogoni, wenye mabonge mawili yaliyoshikana kwa kiuno chembamba. Baina ya serebela na fuvu hubaki nafasi nyeusi ya maji, ambayo kwa kawaida upana wake ni milimita 2 hadi 10. Ulinganifu wa pande mbili ni sharti hapa: nusu moja ikionekana pana kuliko mwenzake, mpimaji hushuku mkono wake kabla ya kuushuku mwili, na mkato hurudiwa. Kuna hata mizani ya kuvutia ndani ya umbo hili, kwa kuwa kati ya wiki 15 na 24 hivi upana wa serebela kwa milimita hukaribiana na umri wa mimba kwa wiki. Serebela ya milimita 20 katika wiki ya 20 ni mshororo uliotimiza mizani yake.

Katika picha ya mgongo wazi, mizani hiyo imevurugika mahali pawili. Mbele, mifupa ya paji, ambayo ingepaswa kutuna, imebonyea upande huu na upande huu, na fuvu limechukua umbo la limau. Nyuma, serebela imepoteza kiuno chake. Imejipinda kulizunguka shina la ubongo kwa umbo la ndizi, na ile nafasi nyeusi ya maji imezibika. Kypros Nicolaides, Stuart Campbell na wenzao walizieleza ishara hizi mbili mwaka 1986, na majina ya matunda hayo yamedumu katika vyumba vya vipimo tangu wakati huo. Cha kustaajabisha ni kwamba jeraha lenyewe halimo ndani ya fremu. Liko mbali, mara nyingi kiunoni, ambapo mfereji wa neva haukufunga katika wiki nne za kwanza baada ya mimba kutungwa. Maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo huvuja kupitia uwazi huo, shinikizo ndani ya fuvu hupungua, na ubongo wa nyuma hushuka kuelekea shingoni. Picha imenasa mwisho wa mnyororo wa sababu, na kumwachia msomaji aurudie mnyororo huo hadi chanzo chake. Utaratibu huu nauita usomaji-mzunguko.

Mzunguko huo una faida ya kifani ambayo njia ya moja kwa moja haina. Katika miaka ya 1970 mgongo wazi ulikuwa umekwisha kutambuliwa kwa kuutazama mgongo wenyewe, lakini kazi hiyo ilidai subira na utaalamu mkubwa. Uti wa mgongo wa kijusi umepinda. Hutakiwa kusomwa pingili baada ya pingili, kwa mikato ya pande zaidi ya moja. Na kijusi kikiegemeza mgongo kwenye ukuta wa mji wa mimba, hukosekana maji ya kuitenga ngozi na kilicho jirani yake, hata uwazi mdogo ukapita bila kuonekana. Kichwa, kwa upande wake, hakikwepeki, kwa sababu upana na mzingo wake hutumika kukokotolea umri na ukuaji wa mimba. Mchango wa mwaka 1986 ulikuwa kuihamisha ishara kutoka mahali pa maficho na kuiweka katika ukurasa ambao kila mpimaji lazima aufungue.

Hata hivyo, tashbihi hizi mbili hazina nguvu sawa, na mhakiki hana budi kuzipambanua. Limau huonekana upesi na hukumbukwa kwa urahisi, lakini ni ishara ya nje: huweza kuonekana katika vijusi vichache visivyo na kasoro yoyote, na mkato uliopinda kidogo waweza kuizua. Isitoshe, ina muda wake. Baada ya wiki ya 24 hivi, fuvu linapokakamaa na maji yanapoanza kujaa ndani ya vyumba vya ubongo, paji hujaa tena na limau hutoweka ingawa jeraha lipo palepale. Ndizi imejikita katika mwendo wenyewe wa ugonjwa, kwa hiyo hudumu zaidi na hudanganya mara chache zaidi. Tofauti hii ina uzito wa pekee kwetu Afrika Mashariki, ambako wajawazito wengi huanza kliniki mimba ikiwa imekwisha kukua. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apate kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24, halikuwa likizungumzia limau. Lakini anayempima mama wa wiki ya 32 kwa kuitegemea ishara hiyo anasoma matini ambayo ukurasa wake umekwisha kuandikwa upya.

Ishara hizi za utambuzi zisichanganywe na zile za uchujaji, ambazo ni tanzu nyingine kabisa. Kati ya wiki 11 na 13, kijusi kikiwa na urefu wa milimita 45 hadi 84, hupimwa weusi mwembamba wa maji chini ya ngozi ya nyuma ya shingo, ambao Nicolaides na wenzake waliuhusisha na kasoro za kromosomu mwaka 1992. Weusi huo ukizidi, kinachobadilika ni uwezekano wa hali kama ile ya Down. Jibu la yakini hutafutwa kwa njia nyingine, mathalani kwa sindano ya kuchota maji ya uzazi. Kuisoma namba hiyo kama hukumu ni kosa la kutambua utanzu.

Linabaki andiko linalotoka na mama mlangoni, yaani ripoti. Nathari yake ni kavu kwa makusudi: vipimo hutangulia, viungo hufuata kwa mpangilio maalumu, na maoni huja mwisho, ili hitimisho lisitangulie ushahidi wake. Ustadi wa mwandishi hujulikana zaidi katika ukanushi. “Mgongo hauna kasoro” na “mgongo haukuonekana vizuri kwa sababu ya mkao wa kijusi” ni sentensi zilizo umbali mkubwa baina yake. Ya kwanza hufunga suala, ya pili humrudisha mama kwenye kitanda cha kipimo wiki inayofuata. Ripoti mbovu huziba pengo hilo kwa neno “kawaida”, na wepesi wa neno hilo huficha kwamba kuna mkato ambao haukupatikana.

Usahihi huo una mahali unapoelekea. Mtoto mwenye mgongo wazi anafaa kuzaliwa karibu na wanaoweza kuufunga katika siku mbili tatu za kwanza, kabla uambukizi haujapata njia. Dar es Salaam kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na mashariki mwa Uganda katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale. Msomaji wa mwisho wa picha, basi, ni daktari wa upasuaji ambaye hakuwepo ilipochukuliwa. Limau na ndizi humwambia kwamba jeraha lipo. Hazimwambii liko pingili ya ngapi, vyumba vya ubongo vimepanuka kiasi gani, wala kama miguu imepinda au inacheza. Ripoti inayoishia kwenye matunda hayo mawili imetaja ugonjwa vizuri, lakini imemwachia daktari huyo kazi ya kuanza uchunguzi upya.